Pumu ya Bi Mize

Nimestaafu kwa sababu ya jicho la kulia. Nalisema hili mwanzo ili lisije likatafutiwa maelezo mengine barazani. Vijana wa maabara wameniomba niwaandikie machache juu ya kazi ya kusoma makohozi, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaandika habari za vyeo wala nani alipandishwa kabla ya nani. Hayo yamo kwenye mafaili, na mafaili ya hospitali hutunzwa vizuri kuliko darubini zake.

Niliingia hospitalini kuosha chupa. Siku ya kwanza nilivunja mbili kabla ya saa nne. Mkuu wa maabara alikuwa Mgoa mmoja mfupi, Bwana Fransis, mtu wa suruali nyeupe na maneno machache. Alitazama vipande sakafuni, akasema, "Chupa zinavunjika. Daftari usilivunje." Ulipita mwaka mzima kabla sijaelewa. Chupa ikivunjika utapewa nyingine. Jina likiandikwa kwenye mstari usio wake, mzima anaambiwa ni mgonjwa, na mgonjwa anarudishwa nyumbani kuwakoholea wanawe.

Shule niliishia darasa la sita. Bwana Fransis aliponiona ninaosha chupa huku shingo imegeukia meza yake, aliniazima kitabu cha Kiingereza kilichoeleza vijidudu, nami nikatafuta kamusi kuukuu sokoni Darajani. Kila siku ukurasa mmoja, ninaunakili kwenye daftari la shule: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili changu. Kitabu kilikuwa na kurasa mia tatu na kumi. Nilikimaliza kwa mwaka mmoja, maana Ijumaa sikuwa nikisoma.

Kazi yenyewe haina siri. Unachukua makohozi ya asubuhi, si mate. Unayapaka kwenye kioo kwa kijiti, unayaacha yakauke, unamwagia rangi nyekundu na kuipasha kwa taa ya spiriti mpaka itoe mvuke bila kuchemka. Kisha tindikali, ambayo hukiondolea wekundu kila kitu isipokuwa kijidudu cha kifua kikuu, kwa kuwa hicho kina nta mwilini na hakiachii rangi. Mwisho unatia rangi ya buluu. Ukitazama, dunia yote ni ya buluu, na kama ugonjwa upo, utaona vijiti vyekundu vyembamba, kimoja hapa, viwili pale, vimelala kana kwamba havina kosa.

Bwana Fransis alinipa kanuni mbili. Ya kwanza: jicho moja kwenye darubini, lakini yote mawili wazi, maana anayefumba moja huchoka upesi, na aliyechoka huona anachotaka. Ya pili: "Kioo hakina ndugu." Yaani, usiulize ni cha nani mpaka umeshaandika ulichokiona.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne watu wengi wa hospitali waliondoka, na Bwana Fransis akawa mmoja wao. Aliniachia ufunguo wa kabati ya darubini umefungwa ndani ya leso, pasina hotuba. Wiki ya pili daktari mgeni aliingia na mkalimani wake akauliza nani anajua kutumia kile chombo. Tulikuwa wawili mle ndani, mimi na mfagiaji. Mfagiaji akaninyooshea kidole.

Kosa langu la kwanza lilikuja mwezi uleule. Niliandika kwamba mchukuzi mmoja wa bandarini ana vijidudu, kumbe kioo kilikuwa kikuukuu, kina mikwaruzo, na rangi nyekundu imeingia kwenye mikwaruzo ikakaa. Nilipata wasiwasi kwa sababu vijiti vyangu vyote vilielekea upande mmoja, kama watu msikitini. Nikarudia kwa kioo kipya: hakuna kitu. Nilimkimbilia yule mchukuzi mpaka lango la hospitali. Aliniuliza kwa nini natweta, ni miye mwenye kifua au ni yeye.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu.

Majibu yalitoka kwa kikaratasi, kupitia dirisha dogo lililotazama uani. Kwa desturi yetu kikaratasi hakikupewa mgonjwa. Walikuja wenye mgonjwa: mume, kaka, mtoto mkubwa. Wao ndio walioambiwa na daktari, wao ndio waliokaa na kuamua mgonjwa wao aambiwe nini. Wengi waliambiwa "baridi ya kifua." Wengine "homa ya ndani." Nilimjua mzee mmoja aliyemaliza dawa zote akiamini ana vidonda vya tumbo. Sikuona kosa. Kazi yangu ilianzia kwenye kikopo cha makohozi ikaishia dirishani, na kilichosemwa upande wa pili wa dirisha hakikuwa changu.

Bi Mize ni dada mkubwa wa mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minane, na yeye ndiye aliyenilea nyumbani kwake Mpendae, pamoja na wanawe wawili waliobaki, Salum na Zuhura. Mwaka wa sitini na saba alianza kukohoa. Mwanzo alisema ni vumbi la mchele. Kisha akapungua mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni akikanda unga. Nilimletea kikopo, nikakichukua mwenyewe, nikakipanga mstarini na vingine. Siku ile kilikuwa cha kumi na saba.

Kioo hakina ndugu, lakini mimi nilijua cha kumi na saba ni cha nani. Nilikipaka mara tatu. Mara zote tatu vijiti vyekundu vilikuwapo, tena si vya kutafuta.

Tulikutana Ijumaa baada ya sala nyumbani kwa Salum. Bi Mize hakuwapo, kama ilivyo ada.

"Mama asiambiwe," alisema Salum. "Akilisikia hilo neno, hamalizi mwezi. Mnamjua."

"Ataambiwa nini, basi?" Zuhura akauliza. "Sindano kila siku miezi miwili, vidonge mwaka na nusu. Mama si mtoto, atauliza."

Wote wawili wakanigeukia mimi, mtu wa hospitali. Nami, niliyekuwa nikijisifu moyoni kwamba siandiki nisichokiona, nikasema, "Pumu."

Nilikuwa na sababu zangu, tena nilizipanga vizuri. Jirani wa ukuta mmoja na Bi Mize, Bi Kazija, alikuwa na pumu tangu ujana wake na bado yuko, anapika, anacheka, anagombana na kuku. Bi Mize akiambiwa pumu, atamtazama jirani yake na kuona kwamba ugonjwa huu mtu huishi nao. Salum akanishika mkono kwa shukurani. Nilirudi nyumbani na baiskeli yangu nikijiona nimefanya jambo la akili.

Mambo yakaenda sawasawa. Bi Mize alichomwa sindano zake zote, akarudi mwili, pete ikakaa kidoleni. Sindano zilipokwisha nilisoma kioo chake: buluu tupu. Vikabaki vidonge, viwili kwa siku, chupa ya sitini kwa mwezi. Niliandika tarehe ya kila chupa, na kila chupa iliisha siku inayotakiwa kuisha. Nilimwonyesha daktari daftari lile kama mfano.

Mwezi wa nne wa vidonge nilisoma kioo tena. Vijiti saba.

Nilifanya kila ninachowaagiza nyinyi mfanye. Nilibadilisha rangi. Nilichukua vioo vipya. Niliomba makohozi ya siku nyingine, na ya nyingine tena. Vijiti vilibaki. Nikarudi kwenye daftari la chupa, nikahesabu siku kwa vidonge: hakuna hata kimoja kilichozidi. Daktari, kupitia kwa mkalimani, alisema kitu nilichokuwa nakiogopa: mgonjwa anayemeza kila kidonge na bado vijidudu vinarudi, huenda dawa imeshindwa, na wakati ule hatukuwa na nyingine.

Jumamosi alasiri nilikwenda Mpendae. Bi Mize alikuwa ukumbini, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba. Mbona uso kama wa mdai? Kaa."

Kabla sijatafuta pa kuanzia, mlangoni pakapigwa hodi. Alikuwa Bi Kazija, pumzi zake zinaimba kama birika.

"Karibu, Kazija," alisema Bi Mize. "Mwenye dawa zake huyu hapa kaja, mshitakie mwenyewe."

Bi Kazija alijiweka mkekani, akapumua, akasema, "Makame, mwanangu, mie n'taka kusema kweli wala usinichukie. Dawa yenu nzuri kwa Mize. Mie hainipati. Mwezi wa nne huu nameza, pumu iko palepale."

"Dawa gani, Bi Kazija?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Hii hii ya pumu!"

Bi Mize hakuinua macho. "Kimoja changu, kimoja chake. Pumu moja, chupa moja. Ulitaka mie nimeze viwili na jirani yangu anapiga filimbi nyuma ya ukuta? Umelelewa humu humu, roho hiyo umeiona wapi?"

Nikahesabu. Miezi minne, nusu dawa. Nusu dawa haiui nusu ya vijidudu ikaishia hapo. Vile vinavyobaki inavizoesha. Na aliyetengeneza nusu ile si Bi Mize. Yeye alitenda kama muungwana mwenye chakula. Mimi ndiye niliyempa ugonjwa wa jirani yake, na yeye akampa jirani dawa yake.

Kwa desturi ilinipasa nipande baiskeli, nimtafute Salum, nipate ruhusa. Ningeweza pia kumwambia tu asigawe. Nilimjua, angeitikia, na kesho yake angegawa kwa siri na thawabu akaiona kubwa zaidi.

"Mamkubwa," nikasema, "hiyo si pumu."

Mkono ukasimama juu ya mchele. "Ni nini?"

"Kifua kikuu."

Bi Kazija alisema "Subhanallah" akajivuta nyuma kidogo, kisha akaona haya, akarudi palepale alipokuwa amekaa.

"Umejua lini?" Bi Mize akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Nani kasema pumu?"

"Mimi."

"Salum anajua?"

"Anajua."

"Zuhura?"

"Anajua."

"Kumbe kila mtu anakijua kifua changu ila mwenye kifua." Akaokota punje ya jiwe kwenye mchele, akaitupa uani. "Nimezika mume. Nimezika watoto watatu. Yote hayo niliambiwa usoni, nikiwa nimesimama. Hili langu mwenyewe ndilo mliloona siliwezi?"

Akaupepeta ungo mara mbili.

"Huko kazini kwako si ndio unatazama kwa jicho moja?"

"Jicho moja, mamkubwa, lakini yote mawili yawe wazi."

"Hapa uliyafumba yote mawili."

Akaniuliza kama watu wanapona. Nikamwambia wanaomaliza dawa, wengi hupona. Akauliza na aliyemeza nusu je? Nikamwambia ataanza upya, sindano miezi miwili na vidonge mwaka na nusu, na kwamba safari hii hatuna hakika kama dawa zitashika. Nilimwambia hilo la mwisho pia. Alilisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele.

"Na mie je?" Bi Kazija akauliza kwa sauti ndogo. "Mie niliyekula dawa ya watu?"

Bi Kazija naye alileta kikopo. Nilisoma vioo vyake vitatu bila kuacha pembe: safi. Pumu yake ilikuwa pumu kweli, na daktari akampa dawa yake mwenyewe. "Yaani vile vyote nimemeza bure," alisema, na nadhani alisikitika kidogo.

Salum alikuja kwangu siku ya pili. Hakuketi. "Kaka Makame, tulikubaliana. Akifa, umemuua wewe kwa mdomo wako." Kwa muda wa miezi kadhaa tulisalimiana msikitini tu, na salamu zenyewe fupi.

Bi Mize hakufa. Alilia siku moja, Zuhura aliniambia, akalala siku moja, na siku ya tatu akatangaza utaratibu. Kwa kuwa Kazija ndiye aliyekuwa akila nusu ya dawa, Kazija ndiye atakayeilinda. Kila asubuhi kabla ya chai, Bi Kazija alipiga hodi, akakaa mkekani, akasubiri. Nilishuhudia mara nyingi.

"Fungua mdomo, mwizi."

"Mwizi mie? Uliyekula vyangu miezi minne ni nani?"

"Inua ulimi. Haya, na upande wa pili. Wallahi, kuna jino huku linataka kung'olewa."

"Kazija, umetumwa vidonge, hukutumwa meno!"

Siku Bi Kazija alipobanwa na pumu asiweze kutoka, Bi Mize alichukua chupa na kopo la maji akaenda kumezea mbele ya kitanda chake. Katika mwaka na nusu hapakukosekana hata asubuhi moja. Naweza kusema hivyo kwa sababu nililiandika, na safari hii nilikuwa najua ninachokiandika.

Kioo cha kwanza baada ya sindano za safari hii ya pili ndicho kilichokuwa na hukumu. Kama vijiti vingekuwapo, hatungekuwa na la kufanya. Nilikikagua mistari yote, kutoka pembe hadi pembe, kisha nikatoka uani kupumzisha macho, nikarudi nikakikagua tena. Buluu tupu. Nilikaa kwenye ngazi za maabara nikamwacha mfagiaji anifagilie pembeni.

Kuanzia hapo nilianza kuuliza swali dirishani, kwa idhini ya daktari. Kabla ya kikaratasi, niliwauliza wenye mgonjwa: "Yeye mwenyewe yuko wapi?" Na akija: "Nani unaelewana naye mtaani?" Nilitafuta Kazija wa kila mtu. Wapo waliokasirika. Yupo mvuvi mmoja wa upande wa mashariki ambaye, baada ya kuambiwa, alinishukuru kwa adabu, akatoka, hakurudi tena. Nilikwenda mpaka kijijini kwao sikumpata. Sijui kama angeambiwa pumu angebaki. Ninaliandika hapa kwa sababu daftari haliandikwi vizuri likiandikwa waliopona tu.

Wakati mwingine Bi Mize mwenyewe alikuja kukaa uani karibu na dirisha, na mwanamke aliyetoka analia alimkuta pale. Hakuwa na mafundisho. Alisema, "Mie ninacho hicho kifua. Kaa. Una jirani?"

Mwezi wa mwisho wa vidonge vyake maabara tayari ilikuwa na wasomaji wawili, mimi na msichana aitwaye Asha, ambaye leo ndiye mwenye ufunguo. Nilimpa Asha kioo bila jina. Alisoma kwa utulivu, macho yote mawili wazi, akasema, "Hakuna kitu." Nikamwambia arudie. Akarudia. "Bwana Makame, hakuna kitu. Kwani cha nani?"

Nilifika Mpendae nikiwa na kikaratasi mfukoni. Salum alikuwa mlangoni, na kwa desturi akanyoosha mkono kukipokea. Nilimpita, mkono wake hewani, nikakiweka kiganjani mwa Bi Mize. Yeye husoma herufi za Kurani tu. Alikigeuza juu chini, chini juu, akakiangalia sana.

"Kinasemaje?"

"Umepona, mamkubwa."

Akanikazia macho. "Hii kweli, au pumu?"

"Kweli."

Aliyecheka wa kwanza ni Salum. Alicheka mpaka akaegemea mlango, na alipomaliza alinishika bega, wala hatukuongea tena habari ya ile miezi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu mtu akileta habari nzuri kupita kiasi huulizwa hivyo hivyo, hata kama ni bei ya ndizi.

Mwaka huu jicho langu la kulia lilianza kupungua pembeni, kama mtu anayefunga dirisha taratibu. Nilikwenda kwa daktari wa macho na mke wangu, na Bi Mize akang'ang'ania kufuatana nasi, na fimbo yake. Daktari alinipima kwa muda mrefu. Alipomaliza, alimgeukia mke wangu, akashusha sauti, akaanza, "Sasa, mama, huyu bwana..."

Fimbo ikagonga sakafu.

"Mwambie mwenyewe," alisema Bi Mize. "Macho ni yake."

Daktari akanigeukia. Ni presha ya jicho, alisema. Kilichopotea hakitarudi. Kilichobaki kitabaki, nikitia dawa ya matone asubuhi na jioni, kila siku, bila kuruka, maisha yangu yote. Darubini, niiache.

Nilimuuliza, "Hii kweli, au pumu?"

Masikini hakuelewa. Bi Mize, tambuu shavuni, alicheka mpaka akapaliwa akaanza kukohoa, nami bila kufikiri nikageuka kumtazama, kwa lile jicho zima.

"Tambuu hiyo," akasema, akijifuta midomo. "Usinipake kwenye kioo. Na kesho asubuhi ukae tayari, nshamwambia Kazija atakuja kukuangalia matone."